Kosa la Cancún Lilifanyika Septemba

Tuliokesha usiku wa kuamkia Jumanne tukimwangalia Iga Świątek akimmaliza Jessica Pegula 6-1, 6-0 ndani ya dakika 59 tulimwona bingwa halali. Hilo sina ubishi nalo. Ubishi wangu ni kwamba fainali ya mashindano ya kufunga msimu wa 2023 ya WTA, chama cha tenisi ya wanawake, haikupaswa kuchezwa Jumatatu, wala haikupaswa kuchezwa Cancún, Meksiko. Watu wanailaumu mvua. Mvua haikukosea chochote. Waliokosea ni waliotangaza mapema Septemba, wakati US Open inaelekea ukingoni, kwamba wanawake wanane bora duniani watamalizia mwaka kwenye uwanja usio na paa, ambao hata kujengwa ulikuwa haujajengwa, katika mji ambao Oktoba ndiyo kilele cha mvua zake.

Sisi wa Rungwe, mkoani Mbeya, jambo hili tunalielewa bila kuelezwa mara mbili. Tukuyu inapata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ukifika Aprili hakuna mwenye akili anayepanga shughuli ya watu halafu akamwachia Mungu suala la paa. Kamati ya harusi hapa inaanza na turubai, vyakula na muziki vinafuata. Dalili ya mvua ni mawingu, na Cancún walikuwa na zaidi ya mawingu. Msimu wa vimbunga kule ni kuanzia Juni hadi Novemba, na mwezi Oktoba 2005 kimbunga Wilma kiliupiga mji huohuo hadi hoteli zikabaki hazina madirisha. Mwenye kupanga tenisi ya wazi kati ya Oktoba 29 na Novemba 5 katika mji wa namna hiyo hana haki ya kushangaa.

Najua utetezi wao. Shenzhen ilipewa mkataba wa miaka kumi, ikaandaa mara moja tu, mwaka 2019, Ashleigh Barty akaondoka na dola milioni 4.42. Ikaja korona, likaja suala la Peng Shuai, mchezaji wa China aliyemtuhumu kigogo wa zamani wa serikali kumdhalilisha kingono, na WTA ikasimamisha mashindano yake China, uamuzi ambao niliuunga mkono na bado nauunga mkono. Guadalajara ikaokoa jahazi mwaka 2021. Fort Worth ikafuata mwaka 2022 na viti vitupu ambavyo kamera zilishindwa kuvificha. Lakini mwaka wa kwanza wa dharura ni dharura. Mwaka wa tatu ni uzembe. Mkifika Septemba hamna mji, mmeshapoteza uwezo wa kuchagua, mnachukua kinachopatikana.

Kilichopatikana ni Estadio Paradisus, viti kama 4,300, jukwaa la muda lililoinuliwa kando ya hoteli ya watalii. Tuongee ufundi sasa. Uwanja mgumu wa muda si rangi iliyopakwa juu ya mbao. Unahitaji kutulia, unahitaji kupigiwa mipira mingi hadi mdundo ufanane kona zote, na mchezaji anahitaji siku kadhaa za kuusoma mdundo huo ili miguu yake ijue isimame wapi. Hawa walikanyaga uwanja mkuu siku moja kabla ya mechi ya kwanza. Ndiyo maana mliona mipira ikifa chini ya goti pale ilipotarajiwa kupanda begani. Kisha upepo. Jukwaa jepesi halizuii upepo wa bahari, linaukata tu na kuuzungusha, kwa hiyo mchezaji anapobadilisha upande hapati upepo wa mbele wala wa nyuma, anapata kimbunga kidogo kinachocheza na mpira juu ya kichwa chake.

Aryna Sabalenka aliyasema haya waziwazi, tena baada ya kumpiga Maria Sakkari 6-0, 6-1. Hapo ndipo hoja ya kwamba wachezaji walikuwa wanatafuta visingizio inapoanguka. Aliyepoteza gemu moja tu hana cha kusingizia. Alisema hajisikii salama kukimbia kwenye uwanja ule, na Markéta Vondroušová naye akalalamika. Mtazameni Sabalenka anapoanza servu: anaurusha mpira juu sana, na mwaka 2022 tulimwona servu ikimtoroka kabisa hadi akawa anahesabu makosa mawili mawili. Mchezaji aliyejenga upya servu yake kwa jasho la mwaka mzima, akafika namba moja duniani, unampeleka kuitetea namba hiyo mahali ambapo mpira unahama angani kabla raketi haijaufikia. Mimi naita hiyo dhuluma ya kimichezo.

Świątek aliyamudu mazingira, na kuna sababu. Forehendi yake ina topspini nzito, mpira unapita juu sana ya neti, upepo ukiusogeza nusu mita bado unaangukia ndani. Na hatua zake ni fupi na nyingi, anajirekebisha hadi sekunde ya mwisho. Hakupoteza seti katika mechi tano. Alipoteza gemu 20 tu. Pegula anapiga mpira bapa, lakini mkono wake hauendi nyuma mbali, ndiyo maana naye alifika fainali bila kudondosha seti, wakiwamo Sabalenka na Rybakina kwenye orodha ya aliowapiga.

Jumamosi ya nusu fainali ndiyo iliyonikera kuliko siku zote. Pegula alimtoa Coco Gauff 6-2, 6-1 akaenda kupumzika. Świątek na Sabalenka, mechi ambayo dunia nzima iliisubiri, wakasimamishwa Świątek akiongoza 2-1 katika seti ya kwanza. Wakarudi Jumapili, ikaisha 6-3, 6-2, fainali ikasukumwa hadi Jumatatu, na Jumanne michuano ya Billie Jean King Cup ikawa inafunguliwa Seville, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Nusu fainali iliyobeba vita ya namba moja ilikatwa vipande viwili kama tangazo la redio.

Tuwe wa haki, yapo yaliyokwenda sawa: Laura Siegemund na Vera Zvonareva walitwaa ubingwa wa wawili wawili kwa tenisi safi, na waliokuwa wakisukuma maji uwanjani walifanya kazi yao vizuri.

Wasomaji wa safu hii mnajua ninakoelekea: Madison Square Garden. Kuanzia 1979 hadi 2000 mashindano haya yalikuwa New York, ndani ya ukumbi, juu ya kapeti, na tangu 1984 hadi 1998 fainali ilikuwa ya seti tatu za ushindi kati ya tano. Mwaka 1990 Monica Seles na Gabriela Sabatini walikwenda seti zote tano. Mwaka 1996 Steffi Graf alimshinda Martina Hingis 6-3, 4-6, 6-0, 4-6, 6-0. Martina Navratilova alilibeba taji hili mara nane, akipanda netini kama mtu mwenye haraka. Kina mama wale walipewa jukwaa linalolingana nao. Kisha wakubwa wakafuta seti tano, mwaka 2001 wakahamia Munich, na tangu hapo mashindano yamekuwa mgeni wa kila mji.

Na msiniambie ni suala la jinsia tu. Ni suala la mipango. Jumapili iliyofuata wanaume walianza mashindano yao ya kufunga msimu Turin, ndani ya ukumbi wa Pala Alpitour, kwa zawadi ya dola milioni 15 dhidi ya milioni 9 za Cancún. Turin ilitajwa Aprili 2019, ikapewa miaka mitano, miaka miwili na nusu kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Na hili linatugusa hata sisi: huko Kenya Angella Okutoyi alituonyesha mwaka 2022, kwa taji la vijana la wawili wawili Wimbledon, kwamba binti wa Afrika Mashariki anaweza kuitazama ngazi hii na kuitamani. Anastahili kukuta ngazi imara juu kule.

Steve Simon, aliyekuwa mkuu wa WTA mwaka 2023, na bodi yake walipaswa kutangaza mji wa 2024 kabla ya Australian Open ya Januari, kusaini zaidi ya mwaka mmoja, kuwapa wachezaji uwanja mkuu siku nne kamili kabla ya mechi ya kwanza, na kulifanya paa kuwa sharti la kwanza kwenye mkataba.