Asipotee Machoni

Tuchukue kijana anayekwapua simu stendi ya Mpanda, mkoani Katavi, saa moja jioni. Mwenye simu anapiga yowe, askari aliye jirani anachomoka, wanakatiza vichochoro hadi Makanyagio, na huko kijana anadakwa, simu bado inawaka mkononi. Kesi ya namna hii haihitaji gwaride la utambulisho, maana shahidi hakumwacha machoni tangu mwanzo.

Sasa ongeza kona moja. Kijana anapinda nyuma ya kibanda cha chipsi, haonekani kwa sekunde 20, kisha askari anamkuta mtu mwenye shati jekundu akihema. Pengine ni yeye. Lakini mbio zimekatika, na wakili anarudi kwenye maswali ambayo Mahakama ya Rufani iliyapanga mwaka 1980: mwanga ulikuwaje, umbali gani, ulimtazama kwa muda gani, ulimjua kabla? Ndiyo maana maelezo ya polisi yanayosema "tulimfukuza hadi tukamkamata" hunikera. Maneno matatu yamemeza mbio nzima, na ushahidi wenyewe ulikuwa humo.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu askari kumkamata bila hati mtu anayemshuku kwa sababu za msingi. Mkimbiaji akijifungia ndani, askari ajitambulishe na aombe kufunguliwa. Akikataliwa ndipo avunje mlango. Mpaka wa wilaya haumzuii: mbio za Mpanda zinaweza kuishia Sikonge. Nguvu nayo ina kipimo, ile ya kutosha kumkamata, basi.

Wananchi huteleza hapo. Wasukuma waliohamia Katavi na mifugo yao walikuja na sungusungu. Mwano, yowe la kuitana, ukilia, wanaume hufuata kwato za ng'ombe walioibwa. Raia naye anaweza kukamata, ila amkabidhi mtu huyo polisi bila kuchelewa. Aliyekamatwa akishalala chini amefungwa kamba, fimbo inayofuata ni kosa jipya, na aliyefukuza anageuka mtuhumiwa.

Upande wa magharibi kuna Ziwa Tanganyika, na huko mbio zina mpaka. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 111, unaruhusu chombo kufukuzwa hadi bahari kuu mradi mbio zisikatike. Zinakoma kikiingia maji ya nchi yake au ya nchi nyingine. Ziwani hakuna bahari kuu. Boti ya doria iliyotoka Karema ikivuka mpaka, iko Kongo. Kwa hiyo nahodha anapunguza mashine, anaitazama taa ya mtumbwi ikififia, na kinachobaki ni simu kwa polisi wa Kalemie, kisha maombi ya kumrejesha mtuhumiwa, yanayopitia wizarani.