Rangi Mbili

“Dada, mdogo wangu anakohoa tangu juzi. Naomba rangi mbili.”

“Dozi nzima au nusu?”

Tuseme mazungumzo hayo yamefanyika kwenye duka la dawa Tunduma, na kijana aliyeomba rangi mbili, vidonge vya antibiotiki, hana mdogo anayekohoa. Ni mwanafunzi wa famasi, mwaka wa nne. Maneno yake ameyakariri ili kila muuzaji asikie ombi lilelile. Akitoka anakata kona, anajaza fomu papo hapo: nimeulizwa cheti cha daktari? Nimeulizwa umri wa mgonjwa? Nimeambiwa nimalize dozi? Watafiti humwita mteja wa kuigiza. Angekuja na dodoso angeambiwa mengine, maana ni nadra muuzaji kukiri mbele ya mwenye karatasi na kalamu kwamba antibiotiki anazikata nusu.

Ufundi huu wa kuuliza haujapata sifa zake. Famasi imefundishwa Muhimbili tangu mwaka 1974, na mwaka huohuo palianzishwa pia kitengo cha kutafiti dawa za asili, lakini mitaani mfamasia bado husifiwa kwa majina ya dawa aliyonayo kichwani.

Mwanafunzi huanza na mada pana kama barabara ya TANZAM: “Usugu wa dawa mkoani Songwe.” Mkoa huo ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, nao unaanzia milima ya Ileje hadi mabonde ya Momba, nani atauzunguka kwa miezi michache, tena kwa nauli ya mfukoni? Kalamu nyekundu ya msimamizi inapita. Linabaki swali moja: katika kata moja ya Tunduma, maduka mangapi yatauza amoksilini bila cheti? Hapo sasa jasho linatoka. Orodha ya maduka ipatikane wapi? Yachukuliwe yote au yapigiwe kura? Na kamati ya maadili itaridhia vipi watu wachunguzwe bila kujua? Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na heri libaki gumu. Jina la duka haliingii kwenye fomu, inaingia namba.

Tunduma panafaa kwa kazi hii. Ng’ambo ni Nakonde, Zambia. Kwacha na shilingi zinapokezana mkononi mwa mchuuzi, na malori ya kwenda na kutoka kwenye migodi ya shaba yanapanga foleni. Penye bidhaa nyingi hivyo, dawa nazo huwa na miguu.

Ndiyo maana mkono nao ufundishwe. Mamlaka za dawa nchini zimetumia Minilab, sanduku la vipimo lililobuniwa Ujerumani, hata kwenye baadhi ya vituo vya mipakani. Kwanza ni macho: lebo, rangi, tarehe ya mwisho. Mwaka 2012 ARV bandia ziligunduliwa mkoani Mara wakati wa ukaguzi wa kawaida. Kisha kidonge kinatiwa kwenye maji ya nyuzi 37, kionekane kama kitavunjika ndani ya dakika 30. Mwisho ni kromatografia, mbinu ambayo Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea kutoka Urusi, aliibuni mwanzoni mwa karne ya 20 alipokuwa akitenganisha rangi za majani. Jina la mbinu hiyo lina maana ya kuandika kwa rangi.

Sahani ndogo yenye utando mweupe inadondoshewa matone: la dawa yenye nguvu kamili, la asilimia 80, na katikati lile linaloshukiwa. Sahani inasimamishwa kwenye chupa yenye kimiminika, nacho kinapanda polepole kama mafuta ya taa kwenye utambi. Chini ya taa ya urujuanimno matone hujitokeza kama vivuli, na mwanafunzi anapima kila kimoja kimepanda milimita ngapi.

Mstari wa kuanzia huchorwa kwa penseli. Mwanafunzi asiyejua hushika kalamu ya wino, na baada ya muda mfupi mstari wake nao unapanda, buluu ikijitenga na zambarau, ukipita juu ya dawa aliyotaka kuipima. Sahani imeharibika. Anaandika hivyo kwenye daftari, pamoja na saa na sababu, halafu anaomba sahani nyingine na penseli.