Katiba Isomwe Songo Songo

Walimu wengi wa sheria ya Katiba bado wanafundisha kikasuku: ibara inasomwa, inakaririwa, kisha mtihani. Kasoro hii ni ya kiitikadi, kwani inamzoesha kijana kuiona Katiba kuwa maandishi yaliyo nje ya maisha ya umma.

Tuchukue mfano wa Songo Songo, kisiwa cha wavuvi wilayani Kilwa. Gesi iligunduliwa huko mwaka 1974, na tangu 2004 inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuendesha mitambo ya umeme na viwanda. Mwaka 2013, wananchi wa Mtwara walipopinga gesi ya kwao kupelekwa Dar es Salaam, swali la mwenye mali lilitoka vitabuni likaingia mitaani. Hilo lilikuwa somo tayari.

Mwanafunzi angefungua Ibara ya 9 ya Katiba ya 1977 aone kwamba utajiri wa Taifa ni kwa manufaa ya wananchi wote: mfanyakazi wa Dar es Salaam na mvuvi wa Songo Songo pia. Angefungua Ibara ya 7 aone kwamba hakuna mahakama inayoweza kuamua iwapo agizo hilo limetekelezwa. Basi msimamizi ni nani? Ibara ya 8 inajibu: Serikali itawajibika kwa wananchi.

Mwalimu anayelikwepa tukio kwa kuwa ni "siasa" anatutolea wasomi wanaojua namba za ibara, wasiomjua mwenye mamlaka. Kada wa namna hiyo atawaambia nini wavuvi?