Dracula Asiyenyonya Damu

Mwaka 1966 homa ya Batman iliikumba Marekani. Kipindi chake cha televisheni kilianza kurushwa na ABC mwezi Januari, na kabla mwaka haujaisha kampuni ya katuni ya Dell ilikuwa imewageuza mazimwi watatu wa sinema kuwa mashujaa: Frankenstein, mtu-mbwamwitu na Dracula. Huyu wa tatu ndiye anayefaa kupasuliwa.

Dell ilikuwa na njaa ya wahusika. Mwaka 1962 iliachana na Western, waliokuwa wakiiandalia vitabu vyake, nao wakaondoka na leseni nono, za Disney zikiwamo. Jina la Dracula halikuhitaji kununuliwa. Riwaya ya Bram Stoker ya 1897 ilikuwa mali ya umma Marekani, na filamu za Universal zilikwisha kumtangaza bure.

Mwandishi Don Segall na mchoraji Tony Tallarico walianza kwa kumtoa damu. Dracula wao ni mjukuu wa ukoo ule, mwanasayansi anayetafuta kwenye popo tiba ya ubongo uliojeruhiwa. Dawa inamwingia kinywani kwa bahati mbaya, naye anageuka popo. Kwa ufundi wa hadithi, hatua hiyo ni safi: dhambi imekuwa ajali, kwa hiyo shujaa hana la kujutia. Ila pia hana la kumtisha mtu.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyewalazimisha. Kanuni za katuni za 1954 zilipiga marufuku wanyonya damu, lakini Dell haikuwahi kujiunga nazo.

Kisha likaja vazi la zambarau, na hapo ndipo mtambo ulipokwama. Bruce Wayne, yaani Batman, ni binadamu wa kawaida; anavaa popo ili wahalifu wamwogope. Dracula anaogopwa hata akiwa na kanzu ya kulalia, hivyo kila kipande cha vazi kinampunguza. Huko Marekani anajificha kwa jina la Al U. Card, yaani Dracula kinyumenyume, hila iliyokwisha kutumika katika filamu ya Son of Dracula ya 1943. Mpelelezi yeyote mwenye kioo angemkamata.

Yalitoka matoleo matatu tu, namba 2 hadi 4, yakakoma 1967. Dell iliyachapa upya kuanzia 1972 kama namba 6 hadi 8, ikiiruka 5 kabisa. Mwaka huohuo, kanuni zikiwa zimelegezwa, Marvel ilianzisha The Tomb of Dracula, yenye Dracula muuaji anayenyonya damu. Ilidumu matoleo 70.