Lisansi ya uuguzi: mgonjwa wa Kitshanga atajieleza kwa lugha gani?

Ndugu zangu wasomi, na wadogo zetu mlio bado kwenye oditwari, leo tuguse kidonda chetu wenyewe.

Kijana wa Kitshanga akitaka diploma ya chuo kikuu katika uuguzi, mara nyingi anateremka Goma. Baba anauza mbuzi, mama anauza maharage, minervali inalipwa. Zamani ilikuwa miaka 3 ya graduati, kisha 2 ya lisansi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 tumeingia mfumo wa LMD: kredi 60 kila mwaka. Anatomia na farmakolojia lazima zisomwe vizuri, na kampasi inazifundisha kwa mpango. Hiyo sipingi.

Ninachopinga ni hiki: mwanafunzi anasoma kwa Kifaransa, anahojiwa kwa Kifaransa, anaandika ripoti ya staji kwa Kifaransa. Halafu anarudi kwetu. Mama aliyeishi kambi ya Mungote anamwambia: «Niko nasikia baridi ndani ya mifupa, na moyo inanipiga.» Mwingine anajua Kihunde au Kinyarwanda tu. Hapo kredi zote zinatafuta mkalimani. Ni malaria? Ni woga wa vita? Mji huu ulipokea wakimbizi wa ndani miaka mingi, hata kabla M23 haijauteka Januari 2023. Majibu yote mawili yanawezekana, na dawa yake si moja.

Nani anamwokoa lisansie wetu? Mara nyingi ni yule A2 wa ITM, tunayemdharau eti hana chuo. Yeye anajua kuuliza: baridi inaanza saa ngapi? Inakuja na jasho? Usiku unalala?

Florence Nightingale alipofungua shule yake London mwaka 1860, aliiweka ndani ya hospitali, karibu na kitanda cha mgonjwa. Kampasi imetuongezea sayansi, lakini isituondoe kitandani.

Basi staji moja ifanyike kwenye kituo cha afya cha kijijini, na A2 mwenye uzoefu awe kati ya wanaotoa alama. Na mtihani mmoja uwe wa kumhoji mgonjwa kwa Kiswahili. Katiba ya 2006 inakiita lugha ya taifa. Si lugha ya sokoni tu.

Wewe uliyemaliza, tuambie ukweli: siku ya kwanza mbele ya mgonjwa, ulikosa dawa ao ulikosa neno?