Kaseti Isiyo na Gemu

Switch 2 ya Nintendo ilipoingia madukani tarehe 5 Juni 2025 ilistahili shangwe. Kioo cha inchi 7.9 ni safi, na zaidi ya vifaa milioni 3.5 viliuzwa ndani ya siku nne. Sifa zangu zinaishia hapo.

Kinachonikereketa ni kadi ya ufunguo. Mmekiona kisanduku cha Street Fighter 6: chini pana ukanda mweupe wenye alama ya ufunguo, unaokuambia gemu lazima ipakuliwe. Unatoa kaseti nyekundu, unaichomeka, na badala ya pambano unaombwa intaneti. Ndani ya plastiki ile hamna mpiganaji hata mmoja, hamna muziki, hamna ulingo. Mna ruhusa tu. Gemu yenyewe inashuka kutoka kwenye seva na kujazana kwenye hifadhi ya GB 256, na bado kila ukitaka kucheza sharti kaseti iwe imechomekwa. Yaani adha ya kubeba kaseti na adha ya kupakua, zote umebebeshwa wewe.

Watetezi wanasema kadi hiyo unaweza kuiuza au kumpa rafiki. Ni kweli. Lakini utampa nini siku seva itakapozimwa? Duka la mtandaoni la 3DS, kifaa cha awali cha Nintendo, liliacha kuuza tarehe 27 Machi 2023, miaka 12 tu tangu kifaa kitoke.

Wala msiniambie haikuwezekana kuweka gemu nzima kwenye kaseti. CD Projekt Red waliiingiza Cyberpunk 2077 yote kwenye kaseti ya GB 64, tena siku ileile ya uzinduzi. Kaseti yenye memori ina gharama, na wachapishaji wengi wamemsukumia mchezaji gharama hiyo.

Hifadhi ikijaa, kadi yako ya zamani ya microSD haitachezesha gemu. Utanunua microSD Express. Hapo nakumbuka PS Vita, na sijawasamehe Sony hadi leo. Mwaka 2012 kifaa kile kilikuwa na kioo cha OLED cha kutamanisha, wakakifungia kwenye kadi yao wenyewe: GB 32 kwa karibu dola 100, huku 3DS ikimeza kadi ya SD ya kawaida. Waliizika Vita kwa mikono yao.

Wanaotabiri soko la gemu za mkononi huhesabu vifaa vilivyouzwa. Mimi naangalia kilichomo ndani ya kaseti. Steam Deck haikuwahi kumwahidi mtu kaseti, kwa hiyo haijamdanganya mtu. Nintendo ndio waliotufundisha kuishika gemu mkononi: mwaka 1989 Gunpei Yokoi na wenzake walitupa Game Boy, na Tetris nzima ilienea kwenye KB 32. Ipo Game Boy iliyoungua katika Vita vya Ghuba, ganda limebabuka na kuvimba, ikawekwa kwa miaka mingi katika duka la Nintendo jijini New York. Ilikuwa inawaka, na Tetris ilikuwa inacheza.