Jina la mungu wa Kigiriki lisiwe hukumu ya maisha

Wiki mbili zilizopita alinijia ofisini mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya upili. Alikuwa ameombwa awe mkuu wa idara ya lugha, naye alitaka kukataa. Nilipomuuliza sababu, alinijibu bila kusita: "Prof, mimi ni Persephone. Sikuumbwa kuongoza."

Nilidhani anatania. Kumbe wapi! Alikuwa amejibu maswali fulani kwenye simu, kisha akaazima kitabu cha Jean Shinoda Bolen, Goddesses in Everywoman, kilichochapishwa Marekani mwaka wa 1984. Humo daktari huyo wa magonjwa ya akili anawachukua miungu saba wa kike wa Wagiriki na kuwafanya vielelezo vya tabia za wanawake. Artemis, Athena na Hestia hujitegemea. Hera, Demeter na Persephone huishi kwa kuwategemea wengine: mume, mtoto, mama. Aphrodite amewekwa peke yake. Mwaka wa 1989 Bolen aliwageukia wanaume, akawapa miungu wanane katika Gods in Everyman.

Sikidharau kitabu hicho. Kinamwambia mwanamke anayependa kazi kuliko ndoa kwamba yeye si mgonjwa, na kinamwambia anayetamani watoto kwamba naye si mjinga. Hilo ni jambo la maana. Tatizo langu ni jinsi kinavyosomwa, na kwa kiasi fulani jinsi kinavyojiuza.

Chimbuko la fikra hizi ni Mswisi Carl Jung (1875–1961), aliyedai kwamba akili za wanadamu wote zina ruwaza za kale zinazojitokeza katika ndoto, ngano na dini. Wanafasihi wetu huziita vikale. Lakini kwa Jung kikale si mtu mzima. Ni nguvu moja kati ya nyingi zinazovutana ndani ya mtu. Bolen mwenyewe anakiri kwamba miungu kadhaa huweza kuishi ndani ya mwanamke mmoja, na kwamba ana uwezo wa kuchagua amsikilize yupi. Msomaji mwenye haraka huiruka sehemu hiyo, akaenda moja kwa moja kutafuta jina lake.

Wagiriki wenyewe wangeshangaa. Katika tamthilia ya Euripides, Hippolytus, iliyoigizwa Athens mwaka wa 428 KK, kijana mmoja anamtukuza Artemis na kumdharau Aphrodite. Mwisho wake ni mauti. Funzo liko wazi: anayemwabudu mungu mmoja tu na kuwapuuza wengine anajichimbia kaburi. Mgiriki wa kale hakujiuliza, "Mimi ni mungu yupi?" Swali lake lilikuwa, "Ni mungu yupi niliyemkosea?"

Unajimu nao umeingia katika ndoa hii. Wanajimu wanaomfuata Jung, kama Liz Greene, huzisoma sayari kama vikale. Hebu tuitazame Pluto. Iligunduliwa mwaka wa 1930 kule Arizona. Jina lake lilipendekezwa na msichana wa miaka 11 wa Oxford, Venetia Burney, aliyependa visasili. Leo wanajimu wanatwambia kwamba Pluto hutawala mauti, siri na kuzaliwa upya. Ni sifa zilezile za mungu wa kuzimu! Je, kama mtoto yule angependekeza jina jingine, tabia zetu zingebadilika?

Sisi Waswahili sayari tumeziita kwa majina yenye asili ya Kiarabu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Mshtarii iko karibu sana na mshitiri, yaani mnunuzi. Kama jina ndilo huleta tabia, basi mtu wa Mshtarii kwetu angekuwa mpenda soko, si mfalme wa radi kama Zeus.

Mbona basi maelezo haya hutuchoma moyoni kana kwamba yameandikwa kwa ajili yetu? Mwaka wa 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akiamini ni yake binafsi. Waliyapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Kumbe wote walipewa karatasi ileile, na sentensi zake nyingi zilitoka katika kitabu cha unajimu!

Hapa lugha yetu ina la kutufunza. Kwa Kiswahili tunasema "nina woga", "nina haya", "nina hasira". Tunakuwa nazo, na tulicho nacho tunaweza kukiweka chini. Ni kweli tunasema pia "yeye ni mwoga", lakini kila mzazi anajua uzito wa kumwambia mtoto hivyo. "Mimi ni Persephone" ni "ni" ya aina hiyo. Inafunga mlango.

Nilimwambia mwalimu yule kwamba amesoma nusu ya hadithi. Persephone alitekwa na Hades, akala punje ya komamanga, ikambidi kuishi kuzimu sehemu ya kila mwaka. Lakini huko hakukaa kama mateka. Alikuwa malkia, na katika Odyssey ya Homer anaogopwa. Hata Bolen analieleza hilo.

Jung alifika Kenya mwaka wa 1925 na kupiga kambi katika Mlima Elgon. Katika kumbukumbu zake anasimulia kuhusu mganga mzee aliyemweleza kwamba tangu Wazungu waje, watu hawaoti tena ndoto za kuwaongoza. Mwingereza ndiye ajuaye kila kitu. Jibu la mzee yule hunirudia kila ninapomwona kijana akiiuliza simu yake yeye ni nani.

Mwalimu yule bado hajanipa jibu. Barua ya kukataa ilikuwa kwenye mkoba wake alipoingia, na aliondoka nayo. Naomba asiipeleke.